Kiingereza cha Puani

Lafudhi aliigundua biashara yake mpya akiwa kwenye foleni ya benki. Akaunti hakuwa nayo; alifuata kiyoyozi tu. Akaingia bwana mmoja akiongea Kiingereza kwenye simu, maneno yote yakipitia puani. Foleni ikampisha. Mlinzi akamfungulia mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

"Kumbe!" Lafudhi akajisemea. "Watu hawaheshimu Kiingereza. Wanaheshimu pua!"

Yeye mwenyewe alijua "yesi" na "veri gudi" tu, lakini mganga hajigangi. Akapanga chumba, akanunua vibanio vya kuanikia nguo, akatangaza masomo. Wanafunzi wakamiminika, kila mmoja na kibanio chake puani. Muuza nyama alitaka kumnyamazisha shemeji yake, anayejidai kila wakikutana kwa wakwe. Mama mwenye nyumba alitaka wapangaji wamwogope zaidi. Msusi wa jirani hakusema anataka nini. Alikaa karibu na mlango, akichana wigi mapajani.

Siku ya mahafali kila mtu akatia ada ya mwisho kikapuni. Lafudhi alishajipangia: hotuba, makofi, kisha mlango wa nyuma yeye na kikapu, na mji huu usimwone tena. Msusi alikuwa ametoka nje, eti kumpigia mteja.

Kabla hotuba haijaanza, simu ya Lafudhi ikaita. Namba hakuijua.

"Halooo," sauti ikasema puani. "Wosharosha indimondi shwaa!"

Hakuambulia kitu. Lakini darasa zima lilikuwa limemkodolea macho, na mwalimu hawezi kusema hajaelewa. Akaweka spika.

"Ni mkuu wa chuo, huko ng'ambo," akanong'ona. "Anawapongeza."

"Brashiwoo mashoni kendakenda!"

"Anasema muuza nyama ana pua ya kipekee."

Muuza nyama akafuta chozi.

"Trushi washi loo!"

Tamaa mbele, mauti nyuma. Lafudhi akakitupia kikapu jicho. "Anasema cheti cha ng'ambo kinahitaji nyongeza kidogo."

Wakajipapasa mifukoni, wakaongeza. Hapo mlango ukafunguliwa. Msusi akaingia, kibanio puani, simu sikioni. "Shwaa, shwaa," alisema, na spika ikasema naye.

Vichwa vyote vikageuka kutoka simu moja hadi nyingine.

"Endelea kutafsiri, mwalimu," msusi akasema. "Maana hata mimi sijui nimesema nini."

Mama mwenye nyumba alimkamata Lafudhi ukosi wa shati. "Tapeli mkubwa we!"

"Na mimi nimeshamwalika shemeji!" muuza nyama akalia. Kisha akamgeukia msusi, uso ukamchangamka. "Lakini dada, pua hiyo! Huyu hajawahi kuifikia. Tufundishe wewe."

"Jamani, mimi msusi tu."

"Tufundishe!" darasa likaitikia.

Msusi akakubali shingo upande. "Haya. Ila mimi nafundisha kwa vitabu, mambo ya vibanio sitaki. Ngojeni nikavinunue." Akakipakata kikapu. "Na huyo msimwachie mpaka nirudi."

"Hatumwachii!" wakaapa.

Lafudhi akamtazama akiishia kwenye mlango wa nyuma, mlango aliouchagua mwenyewe. Roho ilimuuma, na bado kicheko kikamtoka.

"Unacheka nini?" mama mwenye nyumba akamtikisa.

"Mama yangu," Lafudhi akasema, "tafuta kiti ukae. Huo ukosi utaushika sana."