Ngwali bin Kificho na Bakuli la Tai

Tegeni masikio, enyi watu wa Jadida mliokuwapo na mnaojidai mlikuwapo, nanyi wa Mtambile mliofikiwa na habari hii ikiwa imekwisha kukatwa mkia, nanyi wa Wingwi mlioambiwa kwamba huku Wete watu wamekula ndege mwenye kucha. Wekeni chini vikombe vya kahawa, zimeni simu, kwani nataka kuwasimulia jambo kubwa lililopita kimo cha mtendaji wake: jinsi Ngwali bin Kificho, Mnusaji wa Vyungu, Adui wa Kila Kitoweo Kigeni, alivyoingia mkahawani pamoja na dada yake siku ya Alhamisi baada ya sala ya alasiri, akaketi, akanywa supu.

Naam, supu. Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, maana huko mbele hatapata nafasi.

Chanzo cha vita vile kilikuwa bango. Msellem, baharia wa mtaa wetu, alizunguka dunia miaka kumi na tano akarudi na mke, Muislamu mwema wa kusini mwa Tailandi, ambaye jina lake lilitushinda kulitamka, basi tukampa letu, tukamwita Mwanapili. Bibi huyo alikuwa fundi wa kupika. Msellem akamfungulia mkahawa katika chumba cha mbele, akampigia simu Jaribu mchora mabango, akamwambia, "Andika Mkahawa wa Tai, kisha upambe upendavyo," na siku ya pili akarudi melini. Jaribu, mtu mwaminifu kwa kila neno aliloambiwa, aliandika, kisha akapamba. Alichora tai, mbawa zimekunjuka kutoka pembe hata pembe ya bango, kucha zimetoka nje, mdomo wa manjano umepinda, na jicho moja linalokufuata mpaka uvuke barabara. Wete nzima haijapata kuwa na bango zuri kama lile, wala bango lililofukuza watu kama lile.

Maana ndege mwindaji haliwi, nasi kwa mambo ya haramu si watu wa kuuliza mara mbili. Mzee Jecha, Sultani wa Baraza, Hakimu Asiyeteuliwa, alisimama chini ya bango lile, akalitazama kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa, akatoa hukumu. "Wenyewe wameandika," alisema, "na wenyewe wamechora. Miye n'taongeza nini?" Siku kumi na moja zikapita, na hakuna mguu uliovuka kizingiti cha mkahawa.

Ukuta kwa ukuta na mkahawa ule alikaa Kazija binti Kificho, mjane, dada mkubwa wa Ngwali, Mwenye Sauti Iliyosikika Bandarini. Yeye alijua kwamba Tai ni watu tu, watu wa Tailandi, akawaeleza wazee wa baraza mara tatu, nao wakamjibu mara tatu kwamba ushahidi wa shoga kwa shoga yake hausimami. Kila jioni alimsikia Mwanapili akimwagia paka sufuria nzima. Jioni ya kumi na moja alimsikia akilia, kwa sababu Msellem alikuwa amepiga simu: ikifika Ijumaa bila mteja, funga, hamia Unguja kwa ndugu zangu. Kazija alimpenda mwanamke yule. Tangu afiwe na mumewe hakuwa amepata mtu wa kucheka naye juu ya ukuta, na hawa wawili walicheka kila asubuhi ingawa kila mmoja alielewa nusu tu ya maneno ya mwenzake. Hakuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya picha ya ndege.

Basi akajifunga kanga kiunoni, akaenda kumtafuta shujaa. Kwa nini Ngwali? Kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa mgumu wa kula kama yeye. Pilau za arusi tatu alizinusa akazirudisha. Siku ya arusi yake mwenyewe alimuuliza mama mkwe kama mchele umeoshwa. Chakula kikipita koo la Ngwali kimepita koo la mji mzima, na hili hata Mzee Jecha alilikubali.

"Ngwali mdogo wangu," akanena Kazija, amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, "miye sikukubeba kwa mgongo huu ili uje uwe mwanamme wa kukimbia bakuli. N'likutafunia muhogo weye huna hata jino. Sijakudai kitu maisha yangu yote. Leo nataka ulye, ulye mbele za watu, kwa ajili yangu."

Ngwali akainuka, akaweka mkono kifuani. "Da Kazija," akajibu, "ukiniambia nipande mkarafuu, n'tapanda mpaka tawi linalokataa ndege. Ukiniambia nizame, n'tazama. Lakini tumbo langu, yakhe, halina dada."

"Tumbo hilo nimelilisha miye," alisema Kazija.

Ngwali akatafuta kofia yake.

Wakatoka, dada mbele na ndugu nyuma, na nyuma yao, kwa umbali wa watu wasiotaka kuonekana wanafuata, likatoka baraza zima na Mzee Jecha akiliongoza. Jeshi lile likapiga kambi chini ya bango. Ndani, Mwanapili alipoona mteja, akakimbilia birika la kunawia. Ngwali akanawa mpaka viwikoni, kama aendaye kupasua mtu, kisha akalikabili jambo lenyewe bila kuzunguka.

"Bi Mwanapili," akasema, "kabla sijakaa nataka kujua. Tai yuko wapi?"

Mwanapili hakuelewa yote, lakini neno moja alilielewa vyema. Akafuta mkono kwa kanga, akauweka kifuani. "Tai mimi," akasema. "Mimi hapa."

Ngwali akamtazama juu hata chini, kwa haki na kwa utaratibu. "Hana mbawa," akamwambia dada yake, akaketi.

Bakuli likaletwa, linafuka. Shujaa akainamisha pua yake, pua ile iliyorudisha pilau za arusi, akaivuta harufu mara moja, akaivuta tena, na uso wake ukajaa masikitiko. "Mchaichai," akasema. "Da Kazija, hii chai. Watu wametia kamba kwenye chai."

"Urojo huo," alisema Kazija. "Weye kula kama urojo, bajia ziko njiani."

"Na huu weupe?"

"Tui la nazi. Nazi nimekuna miye, kwa mbuzi yangu."

Aliposikia tui, moyo wa Ngwali ukashika nafasi yake. Mpemba huogopa mengi, lakini tui hajapata kuliogopa. Akasema bismillahi, akanyanyua kijiko, na pale nje watu arubaini wakaacha kupumua. Ukali wa ndimu ukaja kwanza kama mjumbe mwenye adabu, nyuma yake utamu wa kamba, nyuma yake tui likituliza kila kitu. Kijiko cha pili kilikwenda haraka kuliko cha kwanza. Cha tatu kilibeba vipande vitatu vyekundu, na Ngwali, akidhani ni tungule, nyanya zetu za kila siku, akavitafuna vyote kwa pamoja.

Enyi wasikilizaji, hazikuwa tungule. Kuna vita vya bunduki na vita vya mapanga, lakini vita vya mtu na pilipili kali za kigeni havina hata mahali pa kukimbilia, maana adui yuko ndani. Masikio ya shujaa yakawaka, kofia ikamvuka kichwani, machozi yakashuka kwa njia mbili mpaka ndevuni. Dada yake akacheka mpaka akashika meza. Na bado mkono wa Ngwali, bila kuamrishwa na mtu, ukarudi kwenye bakuli, ukarudi tena, kwa sababu alikuwa anaipenda supu ile, anaipenda kwa hasira, na hakuacha mpaka kijiko kikagonga sakafu ya bakuli.

Akainuka kwenda kutoa ushahidi. Akasimama mlangoni chini ya bango, akafumbua kinywa, na sauti haikutoka. Pilipili zilikuwa zimeichukua mateka. Watu wakaona mtu analia.

"Mwaona," akasema Mzee Jecha kwa upole. "Kesha kulishwa. Sasa yuajuta."

Mnong'ono ukapita. Wawili watatu wakageuza viatu. Mwanapili, ambaye nyuso alijua kuzisoma hata bila Kiswahili, akachukua kifuniko, akafunika sufuria.

"Sema, Ngwali," alisema Kazija, na safari hii hakuwa anacheka. "Neno moja, mdogo wangu."

Ngwali akajaribu, ukamtoka mlio wa mlango mbovu. Ndipo alipofanya kitendo kile ambacho kwacho jina lake halitafutika Jadida. Akaupa umati mgongo, akaingia ndani, akachukua bakuli lake, akafunua sufuria kwa mkono wake mwenyewe, akashika upawa, akateka.

Bakar muuza samaki, aliyekuwa mbele kabisa, ndiye aliyeona. "Jamani," akasema taratibu, kama mtu asiyeamini macho yake, "Ngwali aongeza."

Tangu mtaa wetu ujengwe, maneno hayo mawili, Ngwali na kuongeza, yalikuwa hayajapata kukaa pamoja katika sentensi moja. Habari ikarudi nyuma kutoka bega hadi bega, na jeshi likavunja kambi likavamia mlango. Walikula kwa mabakuli, mabakuli yakaisha wakala kwa vikombe, vikombe vikaisha wakala kwa vifuniko. Watu wazima walilia hadharani bila aibu, wakaomba zaidi. Kazija akasimama mlangoni akipanga foleni kwa sauti yake ile.

Karibu na adhana ya magharibi akaja Mzee Jecha peke yake, bakuli la nyumbani kwake limefichwa chini ya koti, akalitoa akalinyoosha bila kumtazama mtu. Mwanapili akachungulia ndani ya sufuria, akaiinamisha ili mzee naye aone ilivyo tupu.

"Kimekwisha, mzee," akasema. "Njoo kesho."

Nyuma yake, Kazija aliyekuwa akiosha vikombe alilisikia neno lile kesho, na kesho yenyewe Ijumaa, akaketi juu ya kibao na mikono imejaa povu, akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na pilipili hakuwa ameonja hata moja.