Okestra Nzima Inanisikiliza Mimi

Jumatatu, 1 Juni

Mke wangu karudi mazoezini anacheka peke yake. Miezi minane sasa yumo kwenye okestra ya ukulele ya mtaa, na tarehe 13 ataimba mbele ya watu kwenye ufunguzi wa maktaba. Mama yake atakaa mstari wa mbele. Anasema tangu ana miaka kumi na miwili anangoja mama yake amsikilize, maana kwao kuimba kulihesabiwa uvivu. Vizuri. Ila aliyetajwa mara tisa wakati wa kula ni Fundi Cherehani. Fundi kasema hivi, Fundi kachekesha vile. Mara tisa! Kesho najiunga.

Jumanne, 2 Juni

Nimejiunga. Watu ishirini na sita ndani ya darasa la chekechea, tumekalia viti vya watoto, magoti yanagusa masikio. Kiongozi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, anahesabu mapigo kana kwamba tutaulizwa kwenye mtihani. Ukulele ni kigitaa cha nyuzi nne tu. Mimi karani mwandamizi wa ofisi ya maji, mita elfu tatu ziko chini yangu, nyuzi nne zitanishinda? Vidole vimevimba.

Lakini nimeona jambo. Kabla ya kila wimbo Fundi Cherehani hupiga nyuzi zake mmoja mmoja, na wote hukaza au kulegeza zao mpaka zifanane na zake. Mwalimu hataki vile vipimo vya betri vya kulinganisha sauti, eti okestra iwe na sikio moja. Sikio lenyewe la mshona suruali! Akipiga, mke wangu anainamisha kichwa kumsikiliza. Nyumbani haniinamishii hata kope.

Alhamisi, 4 Juni

Mpango umeanza. Kila Fundi akipiga uzi, nakunja uso na kufyonza hewa, kama mtu aliyetoneshwa kidonda. Sisemi neno. Mara ya kwanza hakuna aliyejali. Mara ya nne mfamasia anayekaa kando yangu akaanza kuutazama ukulele wake kwa mashaka. Mara ya saba Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba nilizaliwa na masikio mepesi, ni mateso, lakini nitavumilia.

Njiani mke wangu akaniomba nikae nyuma, nipige polepole, basi. Jambo hilo moja tu. Nikamwambia kipaji hakikai nyuma.

Jumanne, 9 Juni

Ushindi! Fundi mwenyewe kaachia ngazi. Kasema kama masikio yangu ni mazuri kiasi hicho, nitoe sauti mimi, yeye hana ugomvi na mtu, ana sare za shule za kushona. Mwoga mkubwa. Nikapiga uzi wa kwanza na vichwa vyote vikainama kwangu. Raha niliyoisikia ilifika hadi unyayoni! Mke wangu naye aliinama, ila nadhani alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Ijumaa, 12 Juni

Nimeng'oa nyuzi kuukuu na kufunga mpya, nyeupe pe. Mama mkwe asinione na nyuzi chakavu. Fundi, mdomo haumtulii, kasema uzi mpya hulegea kwa siku kadhaa, nirudishe zile za zamani. Wivu huo! Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika ukweli mtupu. Ukumbi umejaa, taa kali, joto. Nikatoa sauti, wakanifuata, wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Kabla ya wa pili nikagundua nyuzi za wenzangu wote zimepanda sauti kuliko zangu! Nikawashusha. Kabla ya wa tatu, wamepanda tena! Watu wazima hovyo. Nikawashusha. Fundi akanitazama, akatikisa kichwa, akashuka na wengine. Wa nne ulikuwa wa mke wangu. Tukashuka tena, mara hii sana, nyuzi zikawa teketeke.

Mke wangu akaanza. Mstari wa kwanza ulitoka kwa taabu. Wa pili, ulioshuka chini zaidi, haukutoka kabisa, alifungua kinywa ikaja pumzi tu. Mama mkwe akatazama sakafu. Mke wangu akanigeukia, machozi yanamlengalenga. Nikamwashiria kwa kidole: shuka, shuka kidogo tu.

Akainua mkono. Tukanyamaza wote. Akafumba macho, akaanza upya peke yake, juu, kwa sauti ambayo sijaisikia katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Mama mkwe akasimama. Akalia mbele za watu, anasema mwanangu, mwanangu, kumbe hivi ndivyo ulivyo.

Njiani mke wangu akasema aliniomba jambo moja tu. Kisha akatangulia mbele na ukulele wake.

Jumapili, 14 Juni

Mwalimu kanipigia simu. Kwa adabu zote, nisirudi. Fundi karudishiwa kazi yake. Shukrani ya punda ni mateke! Mke wangu yuko kwa mama yake tangu asubuhi, kwa hiyo nimepata utulivu wa kufikiri. Nani alimfanya aimbe bila ala hata moja? Mimi. Bila mimi angeimba tu kama kila mtu.

Saa kumi simu yake ikalia, kaisahau mezani. Nikapokea. Mkutubi anasema watu hawaachi kumuulizia, wanamwomba aje mwezi ujao aimbe peke yake saa nzima, ukumbi wote ni wake. Nikakubali kwa niaba yake, mume ni mume. Nikaongeza kwamba tutakuja wawili, mimi nitashika sauti nzito. Mkutubi akauliza kama mwenyewe analijua hilo. Nikamwambia bado.

Atalia kwa furaha.