Nani Aonje Chupa ya Rai

"Mama Rai, wewe ndiye uliyewahi kuionja huko kanisani kwenu. Hebu tuambie, divai nzuri mtu huijuaje?"

Swali hilo lilitoka kwa jirani yake, Abdurahman muuza kahawa, asubuhi moja ya mwaka wa kwanza wa Uhuru pale Ukunda, na Jemima alikuwa hajatua hata sinia la mahamri. Akalitua, akafunua kitambaa, akafukuza nzi, ndipo akajibu.

"Kanisani kwetu, Bwana Abdurahman, ni zabibu kavu tu, huchemshwa na mke wa mchungaji. Juzi zabibu zilipoadimika akachemsha ukwaju."

"Na mkanywa?"

"Tukanywa, tukasamehewa."

"Basi hata wewe huna ilimu ya jambo hili."

"Sina. Na nimwombe Mungu nisiwe nayo."

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mrefu ulioegemea kibanda cha Iddi, fundi baiskeli, ambaye watu walimwita Spoki kwa wembamba wake. Abdurahman alikaa upande wa dele lake la kahawa. Yeye aliitwa Kadhi, maana hakuna neno lililopita pale asilitolee hukumu, hata bei ya dagaa. Wa tatu alikuwa Nzai mgema, jina lake Angani, kwa kuwa ukimtafuta chini humpati, yuko juu ya mnazi. Jemima aliuza mahamri yake kando yao, na kwa miaka aliyokaa pale alijifunza kuwasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua: unajua inanyesha, huhesabu matone.

Lakini siku hiyo alitega sikio. Habari iliyokuwa mjini ilimgusa.

Mzungu mmoja wa Diani alikuwa anarudi kwao. Alikuwa ametoa vitu vyote barazani na kuviuza: kitanda, kinanda, viatu vya kupandia farasi, na makasha ya pombe za chupa.

"Ameuza hata mbwa," alisema Iddi.

"Mbwa kamnunua nani?" aliuliza Abdurahman.

"Mzungu mwenziwe. Wewe utaweza kumlisha mbwa nyama, na wewe mwenyewe nyama waiona Idi mpaka Idi?"

Rai, mwana wa pekee wa Jemima, alikuwa amekwenda kule barazani alfajiri, na sasa alikuwa amesimama pale kijiweni na kikapu chenye chupa tatu. Mzungu alimwambia achague moja, mbili azirudishe. Kijana wa watu macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Kisa chake kilijulikana na wote. Alimtaka Sidi. Kwa desturi, upande wa mume hufungua mazungumzo kwa kibuyu cha tembo, na kibuyu kilipelekwa, kizuri, cha Nzai mwenyewe, Abdurahman akiwa mshenga wa maneno tu. Mjomba wa Sidi akakirudisha. Mjomba huyo, Mangi, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya ufukweni, na tangu bendera ipandishwe alikuwa hashikiki. "Uhuru umekuja," alisema. "Mpwa wangu hafunguliwi mlango kwa mnazi kama wakati wa Gavana. Nataka chupa ya kizungu. La sivyo, yuko dereva wa lori kule Samburu, ameshanisalimu mara mbili."

Jemima alimpenda Sidi. Alipolala na homa ya masika, msichana yule alimchotea maji na kumkandia unga wa mahamri bila kuombwa, na mahamri yakaumuka vizuri kuliko yake. Mkwe kama huyo haokotwi njiani. Kwa hiyo Rai alipomwambia habari ya chupa, mama alisema: "Chupa iliyofungwa ni chupa tu. Ichukue, usiifungue nyumbani kwangu." Alisema hivyo kwa sababu yeye na kileo walikuwa wameachana mbele ya watu. Mumewe pombe ndiyo iliyomzika, na baada ya matanga Jemima alisimama kanisani akaapa kwamba kileo hakitapita midomoni mwake hadi kaburini. Sasa ndiye aliyewaongoza akina mama kila Alhamisi kwenda kuwasihi wanywaji chini ya minazi ya Nzai. Nzai alimwita Sirikali.

"Ziweke juu ya sanduku la Spoki," Abdurahman alimwambia Rai. "Ubao wangu usiguswe na vitu hivyo. Mimi sinywi, sishiki, sinunui wala sibebi. Lakini kuzungumza si kunywa. Haya, tuanze."

Chupa zikapangwa: moja nyekundu, moja nyeupe ya rangi ya majimaji, moja ya bia. Abdurahman akachukua koleo lake la makaa, akawa anazionyesha kwa mbali kama mwalimu.

"Hii nyekundu ina maandishi. Rai, soma."

"Mwaka hamsini na tano, mzee."

Nzai akacheka mpaka akashika mbavu. "Hamsini na tano? Jamani. Tembo nikiligema asubuhi, jioni limeshakasirika, kesho yake ni siki ya kachumbari. Hii imekaa chupani tangu kabla ya mimi kuota ndevu. Huyo mzungu amemuuzia kijana wetu maiti."

"Ati wao husema ikizeeka ndiyo huwa tamu," alisema Rai.

"Kitu gani duniani huzeeka kikawa tamu? Bibi yako alikuwa mtamu?"

"Mche marehemu," alisema Jemima.

"Samahani, Sirikali. Lakini nyinyi tazameni." Nzai aliichukua ile nyekundu, akaitikisa kama anayepepeta mchele. "Iko wapi povu? Tembo hai lina povu, linahema, ukiweka sikio unalisikia. Hii kimya. Sasa hii bia." Akaitikisa bia, na kizibo kikaanza kufoka pembeni. "Mnaona? Hii ina roho."

"Iweke chini kabla haijatuua," alisema Iddi. Yeye alikuwa ameigeuza ile ya majimaji, akatia kidole gumba chini yake. "Mimi nawaambia, msinunue kinywaji, nunueni chupa. Angalieni kitako hiki, kimeingia ndani kama tumbo la Ramadhani. Huo ni wizi. Nje unaona chupa kubwa, ndani pishi limepungua. Kisha ikiisha, utaifanyia nini? Mafuta ya taa yatabaki humo kwenye kona. Lakini chupa ya bia imenyooka, ina kazi. Asali inaingia, mafuta ya nazi yanaingia, dawa ya kikohozi inaingia. Bei moja, faida miaka kumi."

"Kwa hiyo pombe nzuri ni ile yenye chupa nzuri?"

"Sasa wewe Kadhi, hunywi. Ukinunua pombe utabaki na nini kama si chupa?"

Abdurahman akatikisa kichwa polepole. Hoja ilikuwa imemshinda. "Hukumu yangu ni bia," alisema. "Ina roho kwa ushahidi wa mgema, ina faida kwa ushahidi wa fundi."

Jemima aliona Rai akishusha pumzi, akataka kumwambia asishushe upesi, maana kengele ya baiskeli ilikuwa ikilia barabarani. Mangi huyo. Alikuwa amevaa kaptura ya kazi iliyopigwa pasi ikakata kama kisu, na viatu vya hoteli ambavyo aliviheshimu kiasi kwamba alikanyagia visigino tu, visije vikakunjika.

"Shikamoo, mjomba," alisema Rai.

"Marahaba. Mama Rai, hujambo? Wazee, salaam aleikum. Nimesikia chupa zimefika. Nikasema nipokelee hapa hapa, kwa sababu nikisubiri zije nyumbani, kule kuna midomo mingi."

"Tumechagua bia," alisema Abdurahman.

Mangi alimtazama kwa huruma. "Bia? Mzee, bia ni ya mtu aliyemaliza kuchimba shimo. Hii ni posa. Sikilizeni niwafunze, mimi nakaa nao watu hawa. Nyeupe ni ya samaki. Nyekundu ni ya nyama."

"Na muhogo?" aliuliza Nzai.

"Muhogo wa kuchemsha au wa nazi?"

"Wa nazi."

"Wa nazi ni nyeupe. Wa kuchemsha, bia."

"Na mbaazi?"

Mangi akasita kidogo. "Mbaazi inategemea mbaazi zimelala au hazikulala."

"Na sisi tunaokula sima kwa mchicha mwezi mzima?"

"Nyinyi kunyweni maji. Na ikiwa huna hela nyingi lakini wataka heshima, chukua nyekundu isiyo na picha ya nyumba kwenye karatasi. Ile nyumba ndiyo mnayoilipia. Hii hapa haina nyumba. Ni nzuri. Nimeipokea. Fungueni."

Hapo ndipo ilipobainika kwamba hakuna mwenye kizibuo. Mangi mwenyewe, aliyekaa nao watu hawa, alijaribu kwa meno, akaacha. Iddi akaomba nafasi. Akatia skrubu ya tandiko la baiskeli kwenye kizibo, akaishika kwa plaizi, akaweka mguu juu ya sanduku, akavuta. Kizibo kikatoka na sauti iliyomfanya kuku wa jirani aruke ua.

"Mimina," alisema Mangi.

"Si katika vikombe vyangu," alisema Abdurahman, akavikumbatia.

Nzai akatoa kifuu chake kiunoni, akakifuta kwa shati, akakiweka sandukuni. Rai akamimina. Ilikuwa nyeusi kuliko nyekundu. Wote wakainama kuitazama, kisha Mangi akakunja mikono.

"Haya. Onjeni."

Wakatazamana.

"Ni desturi," alisema Mangi. "Aliyeleta ndiye huonja kwanza, aliyeletewa ajue hakuna sumu. Au Uhuru umefuta na hilo?"

Walikuwa wametumia asubuhi nzima kuchagua, na hakuna aliyewaza jambo hilo.

"Rai aonje," alisema Iddi.

"Mwoaji hanywi mbele ya wakwe," alisema Mangi. "Ni matusi."

"Basi mimi," alisema Nzai, na mkono ulikuwa umeshafika.

"Wewe mama yako na mama yangu ni mbari moja. Wewe ni wa upande wetu, huwezi kutuonjea. Kaa."

"Nitahama mbari kidogo tu, nikimeza nirudi."

"Kaa, Nzai."

Abdurahman alikuwa anatazama mawinguni. Iddi ghafla alikuwa na gurudumu la kunyoosha.

"Mzee Kadhi ndiye mshenga," alisema Mangi. "Mshenga ni mdomo wa waleta."

"Mdomo wa kusema," alijibu Abdurahman. "Wa kunywea nimemwachia Mola wangu. Lakini nina rai. Kabla mtu hajanywa, si nyinyi huwamiminia wazee waliotangulia, wale koma? Mwaga kidogo chini. Wakionja wao, kumeonjwa."

Mangi akafikiri. "Hao wazee wetu walikufa lini?"

"Zamani, wakati wa mkoloni."

"Na mkoloni alimruhusu Mwafrika pombe hii?"

"Hakumruhusu."

"Basi tukiwamwagia tutawatia kwenye makosa. Mtu aliyekufa chini ya sheria ile, sheria ile ndiyo yake. Uhuru haukuwafikia."

"Bendera imepandishwa juu ya ardhi," alisema Nzai, "na wao wako ndani ya ardhi hiyo hiyo. Wamo."

"Hata ikiwa wamo," alisema Mangi, "hawatatuletea jibu kwamba ni sumu. Kama imewaua, utajuaje, wameshakufa."

Hoja ilikuwa nzito. Kisha Mangi akasukuma kifuu kando, akashika usukani wa baiskeli.

"Mimi nawahi kumwagilia. Watu walioleta kitu wasichoweza kukinywa, wana nini mioyoni? Yule wa Samburu anakuja Jumamosi na bia zake, na anakunywa wa kwanza, mpaka unamwomba aache."

Rai alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, anatazama vidole vya miguu yake. Jemima alimwona vile, na alijua huo ndio ukaaji wa baba yake siku alizokuwa hajanywa bado lakini ameshaamua kwenda. Aliona pia, ng'ambo ya barabara, mke wa mzee wa kanisa akiwa amesimama na ndoo, anawatazama wote.

Akafunika mahamri yake. Akafuta mikono kwenye leso.

"Mangi," alisema. "Mama wa mwoaji ni mleta, au si mleta?"

"Ni mleta mkubwa."

"Mama, hapana," alisema Rai, akainuka.

"Mama Rai, ngoja, tutafute njia," alisema Abdurahman, na mara hii hakuwa na hukumu usoni. "Una nadhiri yako."

Jemima alikuwa ameshakishika kifuu kwa mikono miwili. Alifumba macho, midomo ikatikisika kidogo, labda alisema neno, labda alikuwa anaomba samahani mapema. Kisha akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka chini, kama mtu anayekunywa mwarobaini, na alipomaliza alikigeuza kifuu juu ya sanduku, tone la mwisho likadondoka.

Iddi aliacha gurudumu lizunguke peke yake.

Mangi alimkagua, macho, midomo, kifua. Alingoja. Alipoona mama bado amesimama, alijimiminia, akanywa, uso ukamkunjika wote kuelekea puani. Akakohoa. "Imepokelewa," alisema kwa sauti nyembamba. "Jumamosi mje, mzungumze mahari. Yule wa lori nitamwambia njia imefungwa."

Rai akajifunika uso kwa mikono. Abdurahman akasema alhamdulillahi, kisha akatazama ile chupa kana kwamba hakuwa na uhakika kama mahali pale palifaa kwa neno hilo. Nzai ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alisogea karibu na Jemima, kwa heshima kabisa, akashusha sauti.

"Sirikali, sisi ni wagema, tunaulizana tu. Ilikuwaje?"

Jemima alijitwisha sinia, akaliweka sawa kwa mkono mmoja. Alivuka barabara, akampita mke wa mzee wa kanisa na ndoo yake, akashika njia ya kwa mchungaji.