Mishono ya Uso Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Fuvu la mtu lina mifupa ishirini na miwili, na mingi imeungana kwa mishono. Amesema Daktari Awino, Homa Bay, saa nne na robo asubuhi, kalamu yake juu ya eksirei ya kichwa changu. Mimi ni fundi nguo. Nina miaka ishirini na sita. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimeshonwa!

Kaakaa ni vipande viwili, mshono katikati. Langu ni jembamba, ndiyo maana meno ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini na pua imeziba. Amenifungia chuma kaakaani, kimeshikizwa mfupani kwa skrubu nne kwa kuwa kwa umri wangu mshono umeanza kushikana. Katikati kuna skrubu ya tano. Nizungushe kwa kijifunguo mara moja kwa siku. Robo milimita. Akasisitiza: si zaidi.

Sikumwambia sababu yangu hasa. Jumapili tarehe 17 Mwalimu Mayaka wa kwaya anachagua mwimbaji wa peke yake kwa ajili ya makambi ya kanisa. Miaka mitatu mfululizo amemchagua Boaz Orina, muuza viatu aliye mkabala na kibanda changu hapa Migori. Boaz ana uso mpana kama sinia. Sauti inataka nafasi. Suruali ikibana, fundi hufumua mshono. Nitafumua.

Ijumaa, 8 Agosti
Kesho Sabato. Kuzungusha skrubu ni kazi. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa, basi na skrubu ya Sabato izungushwe Ijumaa, kabla jua halijazama. Waisraeli waliokota mana maradufu siku ya sita. Nimezungusha ya leo na ya kesho. Kisha ya Sabato ijayo. Kisha ya ile inayofuata, niwe nimemaliza. Jumla nne!

Dada yangu Bitutu, tunayeshona naye, akanikumbusha kwamba mana iliyowekwa akiba iliingia funza. Akauliza pia kama siku ya Sabato nitaacha kupiga mswaki. Machozi yalikuwa yananitoka kwa maumivu ya ile mizunguko minne.

Jumapili, 10 Agosti
Mwanya! Kati ya meno mawili ya mbele. Milimita moja kamili, kwa rula. Mshono umeachia.

Maumivu: juu ya pua, chini ya macho, mifupa ya mashavu. Kama kofia ya mtoto niliyovalishwa kwa ndani. Daktari alisema ni kawaida, kaakaa likivutwa mifupa jirani nayo husukumwa. Faida: tundu la kushoto la pua linapitisha hewa, mara ya kwanza tangu darasa la sita. Wateja wawili wamesifu mwanya. Mmoja akasema sasa naweza kuoa. Boaz akapiga kelele kutoka ng'ambo: omera, ndugu yangu, njiti ya kiberiti inapita hapo? Wivu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimejipima uso kwa tepu. Sentimita kumi na tatu na nusu. Wiki jana: kumi na tatu na nusu. Bitutu anasema ninachopanua ni kaakaa, si kichwa. Nadhani tepu imevutika.

Alhamisi, 14 Agosti
Mazoezi ya kwaya. Janga! Kila s inatoka na mluzi. Wimbo una s kumi na tisa, nimezihesabu. Kwenye ya tatu, Boaz aliangalia mlangoni akauliza nani anaita mbwa. Sauti ya pili yote ilicheka. Mwalimu Mayaka hakucheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Zimebaki siku tatu. Suluhisho: nta ya kupaka uzi. Donge dogo, nikalipasha moto kwa vidole, nikaziba nalo mwanya. Nimeimba mbele ya Bitutu. S kumi na tisa, mluzi sifuri. Akasema nafanana na mtu anayekula mshumaa, lakini alikubali kwamba mluzi umeisha.

Jumapili, 17 Agosti
Boaz aliimba kwanza. Vizuri, naandika kwa sababu ni kweli. Kisha mimi. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, safi! Mwalimu Mayaka akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye noti ya juu nikafungua kinywa chote, pumzi ikaja na nguvu zake zote, na nta ikaruka. Ikatua kwenye lenzi ya kulia ya miwani yake. S kumi zilizobaki nilizipiga mluzi zote.

Uamuzi, saa tano na dakika kumi: Boaz. Mimi nimepewa kuvumisha "mmm" nyuma, midomo imefungwa.

Jumatatu, 18 Agosti
Homa Bay. Daktari Awino alihesabu mizunguko mara mbili, kisha akauliza nani alinituma. Nikamweleza kuhusu mana na kuhusu kuimba. Akasema mshono wa mfupa haufanani na wa suruali, hauna kitambaa cha akiba. Huachia kidogo, na mfupa mpya hujaza polepole. Nusu ya kulia ya kaakaa imetangulia ya kushoto. Sauti inatoka kooni. Amechukua kijifunguo. Chuma kitakaa miezi sita, mwanya utajifunga wenyewe.

Jioni Boaz alikuja kibandani, amepoa. Akasema, ndugu Niko, nasikia unapumua vizuri siku hizi. Mke wake analalamikia kukoroma kwake, amehamia chumba cha watoto. Nikamwambia ukweli: pua yangu imefunguka. Nikamsifia chuma. Nikamshauri asichelewe. Mluzi sikuutaja, hakuuliza.

Makambi yanaanza tarehe 27. Mwanya wangu ulitokea siku ya saba.

Nimempigia mpokezi wa Daktari Awino. Miadi ya Boaz ni Jumatano tarehe 20, saa tatu asubuhi. Nitamsindikiza, nihakikishe anafika.