Ombi la Barabara Kuu Kupunguziwa Haraka

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Barabara,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na tangu juzijuzi ni dereva wa pikipiki ndogo nyekundu aliyoniachia marehemu mume wangu, mpiga picha za harusi. Miaka yote ya ndoa nilipanda nyuma, nimekaa upande, nimepakata mfuko wa kamera. Sasa nakaa mbele. Leseni ninayo: mtahini wenu alinizungusha kati ya mapipa uwanjani, sikugusa hata moja, akagonga muhuri. Kuendesha nilifundishwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu, hapo uani kwetu, gia zote mbili, kwa uvumilivu ambao sikuutarajia kwa mtu anayeitaka pikipiki yenyewe.

Kila Jumamosi naingia barabara kuu kwenda kwa mama yangu. Mama hatoki kitandani siku hizi. Anaishi kwa dada yangu, ng'ambo ya kiwanda cha saruji, ambako mabasi hayasimami, na hakubali kusukwa nywele na mtu mwingine ila mimi. Hilo ndilo jambo lenyewe, Mheshimiwa. Yanayofuata ni malalamiko tu.

1. Magari yanakimbia mno. Sisemi kwa chuki. Mimi nakaza mkono wa mafuta mpaka mwisho, pikipiki inalia hadi watu wanatoka madukani kutazama. Na kwa kazi yangu najua kwamba mashine inayolia ndiyo inayofanya kazi. Cherehani ikinyamaza, hakuna kinachoshonwa. Kwa hiyo mwendo wangu ndio mwendo kamili wa chombo, na yeyote anayenipita amezidisha.

2. Upepo wa malori. Lori likifika ubavuni linanisukuma majanini, likimaliza kupita linanivuta nirudi. Vitambaa vyangu vya kichwa vimeshakwenda miji ambayo mimi sijaiona. Wiki iliyopita lori la ng'ombe lilinipita polepole kwa sababu ya mashimo, na ng'ombe wakanitazama mpaka wakachoka, wakageukia upande wa pili.

3. Kibao cha mwendo. Namba iliyoandikwa pale sijawahi kuifikia hata siku moja. Kila nikipita najiona nasutwa. Naomba kipakwe rangi, iandikwe namba ya kiungwana.

4. Trafiki alinipungia mkono nisimame. Nilifurahi, nikajua na mimi nimevunja sheria kama wenzangu. Kumbe alitaka kujua kama nimeharibikiwa. Nilipomwambia hapana, alinipa pole hata hivyo.

5. Hili limenikaa kooni. Mwenye baiskeli, amebeba godoro, alinipita. Angepita tu ningenyamaza. Alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, akasubiri nijibu, ndipo akaendelea na safari yake.

Kwa bahati mbaya mtu huyo anajuana na shemeji yangu. Jioni ileile shemeji aliwaita wakubwa wa ukoo, akawaeleza kwamba barabara kuu si mahali pangu, kwamba natoka asubuhi na kurudi gizani, na kwamba nikichelewa tena Jumamosi ijayo funguo atazichukua yeye, kwa usalama wangu. Wote waliitikia kwa vichwa huku wanakunywa chai yangu. Mheshimiwa, nilikwenda jikoni nikafungulia bomba la maji, nikalia.

Kwa hayo yote naomba magari yapunguze mwendo, yafuate wangu. Ikishindikana, basi kila Jumamosi yapange foleni nyuma yangu, nami niyaongoze kama gari la bibi harusi, ambalo sijaona mtu akilipita huku anatukana. Ikiwa hilo nalo ni gumu, kiwanda cha saruji kisogezwe huku kwetu, na nyumba ya dada yangu ije pamoja nacho. Kwa upande wangu, naahidi kuwasha taa ya kugeukia mapema sana.

Nisalimie wasaidizi wako wote, mtahini wa mapipa, trafiki mwenye huruma, na madereva, wakiwemo walionitukania mama, maana mama mwenyewe anawasalimu.

Wako barabarani, pembeni kabisa,
Mjane wa mpiga picha

Nyongeza: Barua hii niliitia mfukoni Jumamosi niiache ofisini kwako nikiwa njiani kwa mama. Kabla sijafika, nyuki aliniingia kwenye kiatu cha kushoto. Mkono ukalegea, mguu nikaupiga chini kwa nguvu, ukaangukia kanyagio la gia, na pikipiki ikanyamaza. Nikajua imenifia. Haikufa, ilikuwa inakwenda. Nikakanyaga tena kwa kujaribu, ikazidi kwenda. Mheshimiwa, gia ni nne.

Ofisi yako niliipita kabla sijaiona. Mwenye baiskeli nilimkuta njiani, safari hii amebeba kitanda. Nilimsalimu, lakini jibu sikuwahi kulisikia. Mama alidhani nimelala kwa jirani ili niwahi. Nilimsuka, nikamfumua, nikamsuka upya kwa sababu muda ulikuwepo. Kwa hiyo barabara iacheni ilivyo, na kiwanda kikae kilipo. Ongezeni tu ukubwa wa uwanja wa mapipa.

Nilirudi jua bado kali. Shemeji alikuwa mlangoni, kiganja tayari kimekunjuliwa kungojea funguo. Nikamuuliza pikipiki hii ina gia ngapi. Alikikunja kiganja, akasema, "Kwako niliona mbili zinatosha, shemeji."

Kesho ana safari ya mjini, na ameniomba nimpeleke. Nimekubali. Atapanda nyuma, akae upande, na mfuko wangu wa mashono ataupakata yeye.