Nzi wa Manyoya na Boya la Shemeji

Jumatatu, 4 Julai 1983
Habari kubwa! Meneja wa hoteli ya kule ukingoni mwa kreta anatafuta mtu wa kuwafundisha wageni kuvua trauti, wale samaki wa maji baridi, kwenye kijito chetu. Ajira ya kudumu, sare, na chai ya saa nne. Atatupima Jumamosi kwa samaki tutakaowavua. Hapa Karatu nani mwingine anafaa? Miaka tisa nilimbebea vifaa mzungu wa shamba la kahawa. Alipoondoka aliniachia ufito wake wa mwanzi na siri yake: unatupa nzi wa manyoya, yaani ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, ng'ambo ya maji, unakaza mshipi, unaacha mkondo umzungushe taratibu mpaka upande wako. Unashuka hatua moja, unatupa tena. Ustaarabu mtupu! Katika miaka hiyo tisa alipata samaki wanne, na mzungu alimpigia saluti kila mmoja.

Jioni mke wangu, Lusia, ananiambia kaka yake naye amejiandikisha. Josephati! Dereva wa trekta!

Jumanne, 5 Julai
Nimenyonyoa manyoya ya shingo ya jogoo. Nimepata nzi watatu, wazuri mno. Jogoo amejificha nyuma ya ghala, hataki mitetea wamwone. Lusia kasema, Baba Germana, huyo ni jogoo wa Kipaimara cha mtoto. Nikamjibu kwamba bado yuko hai.

Nimepita kwa shemeji kupeleleza. Aibu! Ana uzi wa nailoni, kipande cha risasi cha kuzamishia, na boya alilolichonga kwenye ndala. Chini kaning'iniza nyungunyungu. Anakaa juu ya jiwe na kuitazama ndala. Ikizama, anavuta. Nilimwambia huo si uvuvi, ni kungojea. Akasema, shemeji, samaki hawa hawakusoma kwa mzungu wako. Akafunua kikapu, mna watatu. Nilipoliangalia lile boya vizuri niliitambua ndala ya Lusia. Kampa mwenyewe!

Alhamisi, 7 Julai
Dawa imepatikana. Josephati atavua bwawa la juu la kijito, penye kina. Mimi nitakuwa chini, penye mkondo. Nimemwendea Metui, mfugaji aliyehamia na mifugo yake kutoka Malambo kufuata maji. Jumamosi asubuhi atanywesha ng'ombe arobaini kwenye bwawa la Josephati. Samaki watatimka, boya litasimama wima mpaka jioni! Metui kwao hawali samaki. Aliniuliza kwa nini watu wazima wagombanie viumbe wanaofanana na nyoka. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Mazoezi uani: nimetupa nzi mara mia. Nimenasa kanga ya Lusia mara mbili.

Jumamosi, 9 Julai
Nitaandika yote.

Asubuhi maji yalikuwa safi, unahesabu kokoto. Meneja kaja na Sankale, askari wa hoteli, kabeba futikamba. Naye, kama Metui, hagusi samaki. Alisema atawapima kwa mbali. Nikatupa. Mara ya tatu trauti alimfuata nzi wangu! Nilimwona, mnene kama mkono wangu. Mara ya nne angemmeza. Hapo hapo ng'ombe wakaingia bwawa la juu. Metui ni mtu wa ahadi: kaleta sitini.

Sikuwa nimefikiria kwamba maji hushuka. Dakika tano tu, kijito kizima rangi ya chai ya maziwa. Nzi wangu sikumwona hata mimi, seuze samaki. Huko juu Josephati akaanza kushangilia. Kumbe maji yakichafuka, trauti hutoka mafichoni kutafuta nyungunyungu waliosombwa kutoka kwenye kingo. Wananusa! Boya likazama, likazama tena. Saba! Sankale aliwapima wote akiwa amefumba jicho moja. Josephati alimshukuru Metui mbele ya watu.

Kazi kapata yeye. Nimeumia sana.

Jumapili, 10 Julai
Josephati kaja misani na sare. Lusia, ambaye amesikia yote, kaniambia wazi: maji umeyachafua mwenyewe. Nimekubali. Nimeapa mbele yake kwamba sitapeleka tena ng'ombe mtoni.

Baada ya misa, Meneja kaniita. Jumatano saa moja asubuhi anakuja mzee mmoja Mwingereza. Hataki kusikia nyungunyungu, anataka nzi wa manyoya na mkondo. Nikimridhisha, na mimi nitaajiriwa. Sharti moja tu: maji yawe safi. Machozi yalinilenga.

Jumanne, 12 Julai
Kila kitu tayari. Nimeenda kuyatazama maji mara tatu: safi kabisa. Nzi sita. Jogoo amebaki na mkia tu. Nimeshapimwa sare.

Lakini nimesikia kwamba kesho Josephati naye analeta wageni bwawa la juu. Saa ile ile! Mwingereza wangu asimame pale akitazama ndala ya mke wangu ikizama? Haiwezekani. Nimetoka kwa Metui sasa hivi. Niliapa kuhusu ng'ombe tu. Mbuzi anao mia mbili, na watafika saa moja kamili.