Injini ya Mgeni Ndani ya Tarrant Langu

Clun, Shropshire
Jumanne

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wamiliki wa Tarrant,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kusoma miandiko ya wazee. Mwandiko wangu utauona unatetemeka. Usidhani ni hasira. Daktari wangu ameacha kunishauri nipunguze siagi, nami nilifundisha Kilatini darasani muda wa kutosha kujua kwamba anayenyamaza ana habari mbaya. Kwa hiyo naandika mapema, nikiwa bado na akili ya kulalamika.

Mjukuu wangu Hester, ambaye ni daktari wa ng'ombe na mwanachama mwenzetu, amelifungua Tarrant langu, gari la mbio lililoundwa kabla mama yake hajazaliwa. Ameitoa injini yake ya asili kwa kamba zile zile anazovutia ndama waliokwama tumboni, na mahali pake ameweka injini ya gari la Kijapani, la aina ile ya kupelekea watoto shule. Mimi nilimkabidhi gari alitunze; sikumwambia alibatize. Nimemtaka arudishe injini ya asili, la sivyo nitaandika katika wosia kwamba gari liende kwenye banda la makumbusho la chama, yeye asilipate. Akasema, "Haya Babu, andika," na Jumapili hizi hajaja kula kwangu. Naomba Kamati ya chama chetu imwamuru, maana muda wa kumsubiri sina. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari halivuji tena. Kila mwanachama anajua kwamba Tarrant huvuja oili, na kwamba kwenye maonyesho yetu hakimu huinama kwanza kutazama kama tone limeanguka mahali panapostahili. Hester aliliegesha kwangu kutwa nzima, na karai la kukingia oili likabaki kavu. Paka amehamia humo. Ametulia mno.

2. Linawaka mara moja. Zamani nilifungua boneti, nikaibembeleza kabureta, nikangoja, nikaibembeleza tena. Jirani yangu Bi Maddox, akisikia kikohozi cha kwanza, aliweka birika jikoni, akaniletea chai kabla injini haijakubali. Urafiki wetu wote umejengwa juu ya kutowaka huko. Siku Hester alipokuja kunionyesha kazi yake, aligusa ufunguo tu, akaondoka. Bi Maddox akabaki mlangoni na vikombe viwili. "Ameshakwenda?" aliniuliza. "Hata sukari sijatia."

3. Salamu. Ni desturi yetu kwamba Tarrant mawili yakipishana, madereva huinuliana mkono. Meja Prosser alipishana na Hester karibu na mji wa Craven Arms, akainua mkono kwa moyo mweupe, ndipo akaisikia ile injini. Mkono ulikuwa umeshafika hewani. Ikabidi ajifanye anakuna sikio, nusura aingie mtaroni. Alinipigia simu jioni ile: "Gittins, mjukuu wako amenifanya niamkie gari la shule." Je, salamu iliyotolewa kimakosa inarudishwaje? Kanuni zetu ziko kimya.

4. Hapa naomba Kamati ikae vizuri. Nilimweleza Hester kanuni: kitu kilichonyofolewa kiungo chake kikuu na kuwekewa cha mgeni si kitu kile tena, na kwenye maonyesho huegeshwa nje ya uzio, karibu na vyoo. Akanijibu, "Sasa Babu, hiyo nyonga yako ya chuma? Hayo meno? Na hiyo valvu ya moyo, waliyoitoa kwa nguruwe? Mbona wewe unaegeshwa ndani, tena kwenye kiti cha hakimu mkuu?"

Nimelitafakari jambo hili wiki hizi zote. Mantiki niliwafundisha watoto wa watu. Siwezi kuikimbia inaponigeukia mwenyewe. Kwa hiyo naomba nivuliwe uhakimu na niegeshwe karibu na vyoo. Meja Prosser, mwenye magoti mawili ya kiwandani, awekwe kando yangu ili tuzungumze. Katibu wetu ana nywele ambazo sote tunajua hakuzaliwa nazo. Nawe, Ndugu Mhariri, miwani siihesabu, lakini nasikia kuna figo uliyopewa na shemeji yako.

5. Nimewapitia wanachama wote mmoja mmoja. Tukiwaondoa waliobadilishwa vipuri, anabaki mtu mmoja tu mwenye kila kiungo alichotoka nacho kiwandani, naye ni Hester. Kwa mujibu wa kanuni zetu, yeye ndiye chama, na yeye ndiye Kamati. Basi naiomba Kamati, yaani Hester, imwamuru Hester arudishe injini bila kukawia.

Nisalimie wote, wenye magoti yao na wenye ya kununua. Msalimie na mkeo, na yule bwana anayetuunguzia soseji kila maonyesho. Nabaki mwanachama wenu mtiifu, kwa sehemu zangu zilizosalia,

Edmund Gittins
Hakimu Mkuu wa Uasilia

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi Hester alipokuja, akasema, "Ingia Babu, ukanikosoe vizuri." Daktari alikuwa amenikataza Tarrant kwa sababu ya mtikisiko, lakini niliingia ili kukusanya ushahidi. Tulipanda kilima cha Long Mynd mpaka juu, kondoo wakitupisha, wala halikunitikisa hata meno. Hester alizungumza njia nzima: ng'ombe wa Bwana Beddoes aliyezaa mapacha, kijana mmoja ambaye hana hakika naye, na jinsi anavyoogopa simu ikilia alfajiri, akidhani ni habari zangu. Nilisikia kila neno.

Ungamo langu ndilo hili, nalo usilichapishe. Marehemu mke wangu Marjorie alikaa kwenye kiti kile cha pembeni maisha yetu yote ya ndoa. Kwa ngurumo ya injini ya asili nilimwona tu akisogeza midomo, nami nikiitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mpaka leo sijui nilikuwa nakubali nini.

Gari ni la Hester, pamoja na injini yake ya Kijapani. Kesho tunatoka tena, na nimemwomba aanze na habari za yule kijana.